Mama Mkataba na Simu ya Jumapili

Wifi yangu nilimjua kama mwenzangu wa ofisini kabla hajawa wifi. Tulikaa chumba kimoja, yeye upande wa dirisha linalotazama maegesho ya magari, mimi upande wa kabati la mafaili, na kwa miaka mingi tulitaniana, tukanuniana, tukagombea feni ya mezani. Kisha nikaolewa na kaka yake, mambo yakazidi kuharibika, maana sasa aliweza kunikosoa hata nyumbani. Nasema haya mapema ili mtu asidhani ninamwandika malaika. Ana kichwa kigumu, na akishaamua jambo, umlilie usimlilie, ni kazi bure.

Kazi yake watu wengi hawakuielewa, hata ndugu zake. Hospitali yetu ina madaktari wa mchana. Jioni na siku za mapumziko, wagonjwa walioko majumbani huhudumiwa na kampuni ya watu binafsi. Unapiga namba fupi, mtu anapokea, anakuuliza maswali. Akiona jambo ni kubwa anamtuma daktari wa zamu na gari, akiona ni dogo anakushauri cha kufanya mpaka kesho. Ofisi yetu ndiyo inayoilipa kampuni hiyo, na wifi yangu ndiye aliyewekwa kuichunga isitule. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alisomea utawala, na alichokijua ni mkataba, kipengele kwa kipengele, mpaka wale wa kampuni wakambatiza Mama Mkataba, kwa sababu kila walipojitetea, yeye alianza kujibu kwa maneno yale yale: mkataba unasema.

Jina lile alilipenda, ingawa alijifanya kukasirika. Kila Jumatatu asubuhi alivaa hedifoni zake ambazo sponji ilishamenyeka, akasikiliza simu kadhaa zilizorekodiwa wiki iliyopita, zilizochaguliwa na kompyuta bila mpangilio. Mpokea simu aliyekosea alikatwa alama. Zaidi ya hapo, alikuwa na mchezo wake wa kuwapima. Alijifungia chumbani kwake akapiga ile namba akijifanya mgonjwa. Leo ni bibi kizee mwenye kizunguzungu, kesho ni dereva aliyeng'atwa na nyuki. Wanawe walimzoea, wakimsikia mama yao anagumia ndani, waliendelea kutazama televisheni. Mwisho wapokeaji simu wakamjua sauti, na siku moja mmoja alimkatiza katikati ya kilio akamuuliza, kwa adabu zote, leo Mama Mkataba anaumwa nini. Tulicheka ofisini mpaka bosi akatoka kuja kutazama kuna nini.

Sasa nifike kwenye kile kipengele, kwa sababu bila hicho hakuna hadithi.

Daktari wa zamu alikuwa mmoja na gari lilikuwa moja kwa mji mzima. Na watu, tusifichane, hutia chumvi. Mtoto akipata homa, shangazi yake anapiga simu anasema mtoto anakata roho. Mume akirudi amelewa akaanguka mlangoni, mkewe anasema amepooza. Siku moja daktari alikuwa upande mmoja wa mji akimtazama mwanamume aliyelewa, ambaye ndugu zake waliapa kwamba hana pumzi, huku upande wa pili mwanamke aliyejifungua juzi akivuja damu na kusubiri. Gari lilipofika kwake mwili wake ulikuwa umeshapoa. Wifi yangu alizisikiliza simu zote mbili, akaenda chooni akakaa huko muda mrefu. Alipotoka, macho mekundu, aliketi akaandika: mgonjwa akiweza kuzungumza, mpokea simu azungumze naye mwenyewe, na maelezo ya mgonjwa ndiyo yatakayofuatwa, si ya ndugu.

Kipengele kile kilifanya kazi. Safari za bure zilipungua, gari likawahi panapohusika, na kampuni, iliyokuwa imekipinga, ikakipenda kwa sababu mafuta yalipungua pia. Mkurugenzi wetu alimsifu mbele ya wageni. Mimi mwenyewe ndiye niliyekichapa, nikasahihisha nukta zake.

Na hapo ndipo ninapopandwa na hasira kila nikikumbuka, maana sisi tuliokuwa mle chumbani sote tumelelewa katika nyumba zenye wazee. Sote tunajua mzee anavyojibu akiulizwa hali. Mguu umevunjika, anasema hajambo. Atakuuliza kwanza habari za kazi, habari za watoto, na shida yake ataitaja ukishasimama kuondoka, tena kama jambo dogo alilotaka kulisahau. Na kama anayemuuliza ni binti wa umri wa mjukuu wake, asiyemjua, hata hicho kidogo hakisemi. Hili halikuhitaji shule. Tulilijua tangu tukiwa watoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitoa nyumbani akalileta ofisini.

Baba yao, yaani baba mkwe wangu, alikuwa fundi cherehani aliyestaafu. Mtu wa shati lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni, hata akiwa ndani peke yake. Kwa daktari haendi mpaka aoge, anyoe, apige pasi. Yule ni mtu wa kufa na tai shingoni kwelikweli, na tulimtania hivyo, naye akacheka. Alimpenda binti yake huyu kuliko wanawe wa kiume, na hakulificha. Wageni aliwaambia kwamba binti yake ndiye anayewasimamia madaktari wa usiku wa mji mzima, na sisi hatukuona haja ya kumsahihisha. Binti naye aliibandika ile namba fupi ukutani, juu ya kitanda cha wazazi wake, akamwambia mama yake: mkizidiwa msinipigie mimi, mimi si daktari, mtapoteza muda, pigeni hii.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mama mkwe alimkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtiririka, mkono kifuani. Akafanya kama alivyoelekezwa. Akapiga ile namba.

Daktari hakuja. Mzee aliambiwa apumzike, anywe maji, na kesho yake asubuhi aende kliniki. Kabla jua halijazama, mama mkwe alikwenda jikoni kumpashia maji ya kuoga, kwa kuwa mzee alishaanza kujiandaa kwa hiyo kliniki, na aliporudi alimkuta ameegemea ukuta, shati safi limelala mapajani. Hakuwa amelivaa.

Tulizika. Sitayaeleza ya mazishi, kila mtu anayajua. Ya baada yake ndiyo yaliyotutisha. Mama mkwe aliacha kula. Si kwamba alikataa kwa maneno. Sahani iliwekwa mbele yake, akaitazama, ikaondolewa. Alipungua hadi kanga ikawa haimkai kiunoni. Jambo alilokuwa akilirudia lilikuwa moja tu, kwamba yeye ndiye aliyempa mzee ile simu. Angeishikilia, angesema mwenyewe, daktari angekuja. Hakukumbuka hata alisema nini. Alikumbuka tu mkono wake ukinyoosha simu. Tulimbembeleza, tukamkaripia, tukamwita daktari. Daktari akatuambia pembeni kwamba mwili ule hautastahimili muda mrefu.

Mume wangu naye aliwaka. Alimwambia dada yake mbele yetu sote kwamba yeye ndiye bosi wa watu wale, basi amtafute aliyepokea simu, ajulikane jina lake na sura yake, na unga wake umwagike. Wifi yangu alijibu kwamba atatafuta.

Jumatatu iliyofuata alirudi kazini mapema kuliko mtu yeyote. Utaratibu unasema mwenye undugu na marehemu akae pembeni, naye utaratibu huo aliuandika mwenyewe, lakini aliivuta ile rekodi. Akachomoa hedifoni ili na mimi nisikie. Nadhani aliogopa kuisikia peke yake.

Sauti ya mama mkwe ilikuja kwanza, ya haraka, imekauka.

"Mume wangu kifua kinambana, analowa jasho, hawezi hata kulala chali. Nakuomba mwanangu, mleteni daktari."

Binti aliyepokea simu akauliza umri, akauliza imeanza lini. Kisha akasema, "Samahani mama, anaweza kuongea? Naomba nizungumze naye mwenyewe."

"Hatakwambia huyu. Mimi ndiye ninayemjua."

"Ni utaratibu, mama. Mpe simu tafadhali."

Halafu ikaja sauti ya mzee. Alimsalimu binti, akampa pole ya kazi, akamuuliza hata Jumapili hawapumziki. Kati ya neno na neno ilisikika pumzi, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Mama yako huyu ana wasiwasi," alisema. "Mimi sina neno, binti yangu. Chakula tu kimekaa vibaya."

"Baba, kifua hakikubani?"

"Kidogo tu. Wapo wenye shida kweli, huyo daktari mpelekeeni wao."

Yule binti hakukata simu. Akasema, "Baba, nikimtuma daktari ni lazima wewe mwenyewe useme. Una uhakika?"

"Nina uhakika. Mungu akubariki."

Wifi yangu aliizima. Alikaa akitazama magari nje, na mimi nikalia, kwa sababu nilikuwa nampenda yule mzee kuliko nilivyompenda baba yangu wa kunizaa.

Siku chache baadaye kampuni ilileta taarifa yake. Kosa ni la mpokea simu, hakuzingatia pumzi ya mgonjwa. Wako tayari kumwachisha kazi mara moja. Mkataba wao ulikuwa unakaribia kuisha, na walitaka uanze mwingine bila doa. Mkurugenzi akamwita wifi yangu, akampa pole tena, akamwambia asijali ule utaratibu wa undugu, kilichobaki ni saini yake.

Mimi nilimshauri atie saini. Nilimweleza wazi: mama atasikia kwamba kosa ni la binti wa kampuni, atajisamehe, atakula. Kaka yako atapoa. Binti ni mdogo, atapata kazi kwingine. Wewe utabaki na kazi yako na mama yako. Nilimwambia hayo nikimtazama machoni, na mpaka leo sioni nilikosea wapi. Familia kwanza, mengine baadaye. Yeye akasema anataka kwanza kumsikia huyo binti.

Binti alikuja akakaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, miguu imebana. Hakujua anaongea na mtoto wa marehemu. Hakuna aliyemwambia, na wifi yangu hakujitambulisha hivyo. Alimuuliza tu kwa nini hakutuma gari.

"Nilimsikia anavyohema," alisema binti. "Nilijua. Lakini mwezi mmoja kabla ya hapo nilimsikiliza mke wa mtu nikatuma daktari, ikaonekana mgonjwa mwenyewe alisema hajambo. Nilikatwa alama. Ni wewe uliyenikata, mama."

Wifi yangu alimshukuru kwa kuja, akampeleka hadi kwenye ngazi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu wa kampuni. Aliporudi hakukaa. Alichukua mkoba, akainakili ile rekodi kwenye simu yake mbele ya macho yangu, yeye ambaye aliwahi kuniripoti kwa kupeleka nyumbani kalamu ya serikali. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa mama. Nikamwambia ana wazimu, na kwa kuwa sikuweza kumzuia, nikamfuata.

Tulimkuta mume wangu yuko pale, amekaa karibu na mama yake kwenye kochi. Wifi yangu hakuzunguka. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akasema yule binti alifuata kanuni, na kanuni ile yeye ndiye aliyeiandika. Akaeleza kwa nini aliiandika, ila maelezo yenyewe aliyaacha njiani, alipoona hayana maana kwa mtu aliyekaa mbele yake.

Mume wangu alisema, "Sema tena."

Akasema tena. Mume wangu akainuka, akatoka nje hadi uani, na tulimsikia akiisogeza ndoo moja huku na kule bila sababu.

Mama mkwe hakulia. Aliuliza kama ni kweli ofisini wanazihifadhi sauti. Wifi yangu akatoa simu. Mimi nilimkonyeza asithubutu, nikatikisa kichwa, lakini wapi. Aliiwasha, akaiweka kwenye kochi katikati yao. Nilidhani mama mkwe atavunjika atakaposikia sauti ya mumewe. Lakini yeye aliinua mkono mapema, kabla mzee hajaanza.

"Rudisha. Pale ninaposema mimi."

Ikarudishwa. Mleteni daktari. Hatakwambia huyu. Mimi ndiye ninayemjua.

"Tena."

Aliisikiliza mara nyingi, ameinamisha kichwa, midomo yake ikienda pamoja na maneno. Ya mzee hakuyataka hata kidogo. Mwisho akaegemea nyuma.

"Nilisema," alisema. "Kumbe nilisema yote."

"Ulisema yote, mama."

"Na wewe ndiye uliyeandika kwamba nisisikilizwe."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akanyanyuka kwa kushikilia mkono wangu, si wa binti yake uliokuwa karibu zaidi. Akaniambia ana njaa. Nikampashia chakula, akala, polepole mwanzoni, kisha kwa haraka, kama mtoto. Wifi yangu alikuwa bado amepiga magoti pale kwenye zulia, akimtazama mama yake anavyokula, na machozi yanamtoka. Sijui kama yalikuwa ya furaha au ya nini. Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, vyote viwili, nikaishia kumwambia anyanyuke atachafua gauni.

Ya ofisini yaliisha vibaya, na niyamalize haraka. Alikataa kutia saini, akaandika taarifa yake ndefu, akajitaja mwenyewe ndani. Mkurugenzi aliisoma, akasema ni ya huzuni, na kwamba huzuni haifanyi ushahidi. Akatia saini yeye. Binti wa watu akaachishwa kazi vilevile. Kampuni ikapata mkataba mpya, na kipengele kile hakikuguswa, kwa kuwa gari bado ni moja. Wifi yangu alihamishiwa stoo, kwenye viti vilivyovunjika na maboksi ya karatasi. Mimi nimebaki chumbani na kijana mpya anayesikiliza simu Jumatatu huku akichezea simu yake. Nimemweleza habari ya wazee wanavyojibu. Alitikisa kichwa, akasema mkataba hausemi hivyo. Nikatamani nimrushie mashine ya kutoboa karatasi.

Mama mkwe amepona. Amenenepa, anatania, na mume wangu naye amerudi kuzungumza na dada yake, ingawa kwa shingo upande. Kila Jumapili tunakutana pale nyumbani. Wifi yangu huja wa kwanza, huondoka wa mwisho. Hakuna neno baya alilowahi kuambiwa. Mama yake humfungulia mlango mwenyewe, humpa kiti kile kizuri, na chai yake humwandalia kwenye trei, kwa kikombe kinachotoka kabatini, chenye kisahani chake. Sisi wengine tunajichotea jikoni kwa vikombe vyovyote na kugombana nani ataosha.

Jumapili iliyopita, baada ya chai, wifi yangu aliinuka na trei yake kuelekea jikoni. Nilikuwa nimesimama kwenye karo, mikono ina povu, nikajisogeza nimpishe. Mama mkwe alimfuata, akamshika kiwiko kwa upole, akaichukua ile trei mikononi mwake.

"Acha tu," alimwambia. "Mgeni haoshi vyombo."

Wifi yangu alisimama kidogo pale mlangoni, kisha akarudi sebuleni kukaa.